Mgeni Wako Anaijua Ngome Kuliko Wewe
Mazungumzo na wakaazi kabla ya matembezi ya Mji wa Kale, Mombasa

Kabla hatujaondoka hapa langoni nitawaomba dakika chache tu, maana jua la Mombasa halimsubiri mtu.

Naanza kwa swali. Ni wangapi kati yetu wameingia Fort Jesus bila kuletwa na shule wala kusindikiza mgeni kutoka bara? Naona mikono mitatu. Msione haya. Mimi nimezaliwa Kuze, hapa karibu, na nilikuwa na miaka thelathini nilipokata tikiti kwa hiari yangu.

Mji huu ni mkongwe kuliko hiyo ngome. Ibn Battuta alipopita hapa mwaka 1331 aliwakuta watu wanaokula ndizi na samaki, wana misikiti ya mbao iliyojengwa vizuri. Wareno walikuja baadaye: Vasco da Gama mwaka 1498, kisha majeshi yao yakauteka na kuuchoma mji mwaka 1505, na tena mwaka 1528. Ndiyo maana wengine hushikilia kwamba jina Mvita linatokana na vita. Wengine watakwambia ni la Shehe Mvita. Wazee wakianza ubishi huo barazani, kahawa hupoa.

Ngome yenyewe Wareno waliijenga kati ya 1593 na 1596. Waomani waliizingira tangu Machi 1696 hadi Desemba 1698, karibu miaka mitatu, ndipo ikaanguka. Katika mzingiro huo jahazi la kivita la Wareno, Santo António de Tanná, lilizama hapo chini mnamo 1697. Wapiga mbizi walitoa mabaki yake miaka ya 1970, na baadhi ya vitu hivyo vimo ndani ya makavazi. Waingereza waliigeuza ngome kuwa jela kuanzia 1895 hadi 1958. Mwaka 2011 UNESCO iliiweka katika orodha ya urithi wa dunia. Watu hupanda ndege kuja kuiona, nasi tunaipita kwa tuktuk.

Lakini mawe peke yake si mji. Mji ni watu. Thenashara Taifa walikuwa hapa, na Mijikenda wakileta nafaka na kufanya biashara nao tangu zamani. Mabaluchi walikuja wakiwa askari, na msikiti wao uko Makadara. Wakaja Wahadhrami, Mabohora, Wagoa. Kule Kisauni, waliokombolewa kutoka utumwani walikaa Freretown tangu miaka ya 1870. Kengele iliyowekwa kuwaonya ndiyo iliyoipa Kengeleni jina lake. Reli ilipoanza kujengwa mwaka 1896 wakaongezeka Wahindi, na baadaye ndugu zetu wa bara. Leo asubuhi mtu anakula mahamri na mbaazi, jioni viazi karai na ukwaju, na haulizi ni chakula cha nani.

Sasa nije kwenye lililonileta. Nyumba tutakazoziona Ndia Kuu zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zake zimebebwa na boriti za mikoko. Ukuta wa namna hiyo unapumua. Unyevu huingia na kutoka. Sisi tukiona ufa tunaita fundi na mfuko wa simiti. Simiti inaziba, unyevu unabaki ndani, boriti zinaoza kwenye ncha zilizoingia ukutani. Baada ya miaka kadhaa tunasema nyumba imezeeka, ilhali tumeiharibu wenyewe.

Nyumba ya nyanya yangu ilikuwa na warithi kumi na mmoja. Hakuna aliyekuwa tayari kugharamia paa peke yake. Mlango wa nakshi ulitangulia kuuzwa, tukagawana pesa. Fungu langu halikutosha karo ya muhula mmoja. Roshani ikaanguka masika yaliyofuata. Leo hapo pana ghorofa ya kupangisha yenye lango la chuma. Simlaumu aliyenunua. Nilitia sahihi kwa mkono wangu.

Kwa hivyo nawaomba wenye nyumba walio hapa. Mji wa Kale ni eneo la hifadhi. Kabla ya kubomoa, kuongeza ghorofa au kubadilisha sura ya mbele ya nyumba, unahitaji idhini. Ofisi ya hifadhi ya Mji wa Kale iko hapa hapa mjini. Nendeni mkaulize mapema, kabla fundi hajachanganya simiti. Na warithi wakae kitako wazungumze nyumba ikiwa bado na paa. Mkishakuwa na gofu, mnunuzi ndiye anayetaja bei.

Haya. Tutashuka na Ndia Kuu, tupite Msikiti wa Mandhry ambao wenyewe husema asili yake ni mwaka 1570, kisha Bandari ya Kale. Hapo mtanukia samaki, msilalamike. Tutamalizia Marikiti kwa wauza viungo. Mkiwa njiani angalieni juu, roshani ziko juu. Na mkiona mlango wa nakshi, pigeni hodi kabla ya kupiga picha, kwani ndani mna watu wanaishi.

Wazee wenye bakora watangulie nasi. Twendeni.