HABARI ISIYO NA SAA

(Hotuba ya askari mmoja wa zamani mbele ya wanachama, Kilangali, wilaya ya Kilosa)



Hapa kwetu Kilangali watu hudhani kwamba aliyetoka vitani hana la kusimulia ila bunduki. Mimi fahari yangu ni daftari.

Mwishoni mwa Oktoba, 1978, majeshi ya Idi Amin yaliingia nchi yetu upande wa Kagera, na tarehe 1 Novemba akatangaza kuwa sehemu ile ni ya Uganda. Siku mbili baadaye daraja la Kyaka likavunjwa. Jeshi letu likaongezwa kwa polisi, askari magereza na mgambo. Nami, karani kijana, nikaitwa pamoja na mgambo, na kwa kuwa mwandiko wangu ulisomeka, nikawekwa kupokea habari za wapelelezi na kuzipeleka kwa wakubwa.

Siku moja zilifika habari tatu, kila moja ikisema magari 12 ya adui yameonekana njiani. Mkubwa wetu akajumlisha, akapata 36, akaanza kufikiri kuwarudisha watu nyuma. Nikaomba ruhusa niwaulize walioleta habari. Kumbe wote watatu waliyaona magari yale yale, mmoja alfajiri, mmoja saa 3, mmoja adhuhuri! Hakuna aliyesema uwongo. Ila hakuna aliyetaja saa.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Nikaona kwamba hata habari yenyewe bila daftari hupotea. Basi nikafuata desturi ya ofisini. Nikachora karatasi yenye nafasi tano: nani ameona, ameona nini, wapi, saa ngapi, na kama ameona kwa macho yake au ameambiwa. Kila habari ilipewa nambari na nakala mbili; tarishi alitia sahihi katika daftari akiondoka, akaacha nakala moja aendako, akarudi na ya pili imetiwa sahihi na saa ya kupokewa. Mwanzo walinicheka, wakisema naleta ukarani vitani.

Usiku mmoja nakala haikurudi. Kwa desturi ya kwanza tungalilala tukidhani habari imefika. Nafasi tupu ya daftari ndiyo iliyotuambia kuwa haikufika. Akatumwa mwingine kwa njia nyingine, akafika kabla ya mapambazuko, na wenzetu wa mbele wakahama mahali walipokuwa wakinyemelewa. Tarishi wa kwanza tulimzika siku ya pili. Sahihi yake ya kuondoka ninaiona hata leo.

Kampala ilitwaliwa tarehe 11 Aprili, 1979. Sisemi kwamba ilitwaliwa kwa karatasi zangu. Ila najua wako watu waliorudi kwa watoto wao kwa sababu ya nafasi ile tupu.

Ndugu zangu, katika madaftari yenu pia zimo nafasi tupu. Mjane aliyeleta hati za kiinua mgongo cha marehemu mumewe hajui kama zimefika au zimekwama njiani. Mkiona nakala haikurudi, msilale. Mtumeni mwingine.