Mtoto Akigongwa Kichwa Uwanjani, Usimuulize Jina Lake

Ifuatayo ni nakala ya mazungumzo yaliyotayarishwa kwa makocha, walimu wa michezo, wazazi na wanafunzi kabla ya msimu wa michezo ya shule.



Kila mtu hapa amewahi kuona jambo hili. Vijana wawili wanarukia mpira mmoja, vichwa vinagongana, mmoja anaanguka. Refa anasimamisha mchezo. Mtu anakuja mbio na chupa ya maji na kummwagia kichwani. Kocha anainua vidole: hivi ni vingapi? Unaitwa nani? Kijana anajibu sawasawa, mashabiki wanapiga makofi, mchezo unaendelea naye akiwa ndani.

Mazungumzo ya leo yanahusu watu waliotumia maisha yao ya kazi kuonyesha kwamba majibu hayo mawili hayatoshi. Wanaitwa wanasaikolojia wa ubongo. Si wapasuaji. Vyombo vyao vya kazi ni karatasi, penseli, saa ya kuhesabu sekunde na maswali yaliyopangwa kwa uangalifu, nao hupima jinsi ubongo unavyokumbuka, unavyokaza fikira na kasi unayofanyia kazi. Wataalamu hawa ni wachache nchini, na ndiyo sababu wengi wenu huenda mnasikia habari zao leo kwa mara ya kwanza.

Mmoja wao ni Jeffrey Barth wa Chuo Kikuu cha Virginia, Marekani. Alipoanza kazi, jeraha dogo la kichwa lilihesabiwa kuwa jambo la kupita. Mgonjwa hakuvunjika fuvu, hakukaa hospitalini siku nyingi, basi aende nyumbani. Mwaka 1981 Barth na wenzake wa Virginia walichapisha uchunguzi wa wagonjwa 424 wa namna hiyo, waliofuatiliwa miezi mitatu baada ya kuumia. Asilimia 79 walikuwa bado wanaumwa na kichwa. Zaidi ya nusu walilalamika kuwa wanasahau. Na katika wale waliokuwa na kazi kabla ya ajali, thuluthi moja hawakuwa wamerudi kazini.

Matokeo hayo yalizua ubishi. Pengine watu hao walikuwa wasahaulifu tangu zamani? Pengine wengine walisubiri fidia? Ubishi huo ulikuwa wa haki, kwa sababu mtu hupimwa akishaumia, na hakuna aliyempima akiwa mzima. Ukimkuta mtu anachechemea leo na hujawahi kumwona akitembea, huwezi kujua mguu umeharibika kiasi gani.

Hapo ndipo Barth alipopata wazo lililoibadilisha fani yake: awatafute watu ambao ni hakika baadhi yao watagongwa kichwa, awapime kabla hawajagongwa. Watu hao aliwapata katika mpira wa Kimarekani, ule wa kuvaa helmeti na kuangushana. Katika miaka ya 1980 yeye na wenzake waliwapima wachezaji wapatao 2,350 wa vyuo vikuu 10 kabla ya msimu kuanza. Aliyegongwa alipimwa tena ndani ya saa 24, kisha baada ya siku 5 na siku 10, akilinganishwa na wenzake ambao hawakuumia. Kazi hiyo ilichukua miaka minne, na wachezaji 195 walipata mtikisiko wa ubongo.

Mojawapo ya majaribio hayo mnaweza kulijaribu mlipokaa. Mtu anasoma namba polepole, na kila namba unayosikia unaijumlisha na ile iliyoitangulia. Akisema 3, kisha 5, unajibu 8. Akisema 2, unajibu 7, kwa kuwa 5 na 2 ni 7. Akisema 7, unajibu 9. Ni hesabu ya darasa la pili, lakini namba zinaendelea kuja na huna nafasi ya kupumzika. Ubongo uliotikiswa huanza kuachwa nyuma hapo, hata kama mwenyewe anatembea vizuri na kuzungumza vizuri.

Matokeo yalichapishwa mwaka 1989. Siku moja baada ya kugongwa, wachezaji walikuwa wameshuka wakilinganishwa na wenzao, na wengi walirejea hali yao kati ya siku ya tano na ya kumi. Habari hiyo ina pande mbili, na zote ni muhimu. Jeraha ni la kweli, linapimika. Na likiachwa lipone, kwa wengi linapona. Kinachobaki ni kuliacha lipone.

Madaktari walikuwa na sababu ya kuogopa haraka ya kumrudisha mchezaji. Mwaka 1984 jarida la chama cha madaktari wa Marekani lilikuwa limeeleza kifo cha mchezaji kijana wa chuo aliyegongwa mara ya pili kabla ya kupona pigo la kwanza. Ubongo unaweza kuvimba ghafla namna hiyo. Hutokea mara chache sana, na wanaokumbwa zaidi ni vijana.

Lakini wachezaji wa Barth walikuwa watu wazima wa chuo kikuu. Mtoto wa miaka 12 je? Swali hilo limekuwa kazi ya Gerard Gioia, mwanasaikolojia wa ubongo wa watoto katika hospitali ya Children's National mjini Washington. Kabla ya kujulikana kwa habari za michezo, alikuwa mmoja wa waandishi wa hojaji iliyochapishwa mwaka 2000, yenye maswali 86. Hojaji hiyo haimuulizi mtoto. Kuna nakala ya mzazi na nakala ya mwalimu: je, mtoto anasahau alichotumwa? Anaanza kazi na kuiacha katikati? Anakasirika kwa jambo dogo? Gioia na wenzake waliamini kwamba wanaoishi na mtoto huona mambo ambayo nusu saa ya mtihani ofisini haiwezi kuona.

Alipoingia katika mitikisiko ya ubongo alikuja na imani ileile. Alianzisha hospitalini mpango wa kuwahudumia watoto walioumia, akashiriki kuandaa vifaa vya elimu vya shirika la serikali ya Marekani la kudhibiti magonjwa kwa ajili ya makocha, wazazi, shule na madaktari, na mwaka 2006 yeye na Micky Collins wa Pittsburgh wakatoa fomu ya kumsaidia daktari wa kawaida kumchunguza mgonjwa hatua kwa hatua. Na amesisitiza jambo ambalo mashabiki hawalifikirii kabisa, yaani darasa. Mtoto aliyetikisika ubongo anaweza kukaa kwenye dawati akionekana mzima huku maandishi ubaoni yakimuumiza kichwa. Akifeli, ataitwa mvivu.

Watoto na vijana pia hupona polepole zaidi. Mtu mzima kwa kawaida huchukua siku 10 hadi 14, mtoto anaweza kufika wiki nne.

Elimu hii iliingia kwenye sheria. Mwaka 2009 jimbo la Washington, upande wa pili wa Marekani, lilipitisha sheria iliyopewa jina la Zackery Lystedt, mwanafunzi aliyerudishwa uwanjani mwaka 2006 baada ya kugongwa akiwa na miaka 13, akapata ulemavu mkubwa. Kijana anayeshukiwa kuumia lazima atolewe, na harudi bila idhini ya maandishi ya mhudumu wa afya aliyehitimu. Kufikia 2014 majimbo yote 50 yalikuwa na sheria ya aina hiyo.

Je, shule za hapa zinunue majaribio ya kompyuta yanayouzwa siku hizi? Hapana haraka. Mengi yalitungwa kwa Kiingereza na kupimwa kwa watoto wa Marekani, na alama zake haziwezi kuhamishiwa kwa mtoto wa Kenya hivi hivi. Hata huko kwao, wapo wachezaji wanaofanya vibaya kwa makusudi kabla ya msimu, ili wakigongwa wasionekane wameshuka. Ujanja wa vijana ni uleule kila mahali.

Kuna kifaa cha bure. David Maddocks, mwanasaikolojia wa ubongo wa Australia, aliwachunguza wachezaji wa kandanda ya nchi hiyo na mwaka 1995 akaonyesha kwamba aliyetikisika ubongo bado hutaja jina lake na siku yake ya kuzaliwa bila shida. Mambo hayo yako ndani sana, hayatikisiki. Kinachopotea ni cha karibuni. Kwa hiyo muulize: Tuko uwanja gani? Hiki ni kipindi cha ngapi? Nani amefunga bao la mwisho? Mechi iliyopita mlicheza na nani, na mlishinda?

Akikosea swali moja, atoke. Na akijibu yote lakini anaumwa na kichwa, ana kizunguzungu, anaona ukungu, anayumba au amezubaa, atoke vilevile. Asirudi siku hiyo, hata fainali iwe imebaki dakika mbili. Kuzimia si sharti, kwani wengi wenye mtikisiko hawazimii. Picha ya skani ikitoka safi bado haimaanishi kuwa hakuna mtikisiko, kwa sababu picha za kawaida haziuonyeshi. Akianguka na kulalamika shingo, msimwinue. Asubiri anayejua kumbeba.

Siku moja au mbili za kwanza apunguze shughuli na simu. Kujifungia gizani wiki nzima, kama ilivyoshauriwa zamani, hakupendekezwi tena; kutembea taratibu kunafaa. Kisha masomo kidogo kidogo, kwa mwalimu kumpa mapumziko na muda zaidi wa mtihani. Arudi darasani kikamilifu kabla ya kurudi uwanjani. Mazoezi nayo yaongezwe kwa hatua, kila hatua ikichukua angalau siku nzima, na kugongana na wenzake kusubiri ruhusa ya daktari.

Mwalimu, mpe mzazi habari jioni hiyohiyo, kwa sababu dalili nyingine hujitokeza usiku. Mzazi, ukiona mtoto anatapika tena na tena, anapata degedege, maumivu ya kichwa yanazidi, mkono au mguu unalegea, mboni moja ya jicho imekuwa kubwa kuliko nyingine, maneno hayaeleweki, au haamki vizuri, usingoje asubuhi. Mpeleke hospitali yenye huduma ya dharura, na ueleze aligongwa saa ngapi na alijibu nini alipoulizwa uwanjani.

Maswali yanakaribishwa.