Mtandao Kwanza, Intaneti Baadaye: Kuunganisha Kompyuta za Nyumbani

Anayetaka kufunga mtandao nyumbani kwa mara ya kwanza huanza na swali la bando: kampuni ipi ina kasi, GB ngapi kwa mwezi, shilingi ngapi. Naomba leo tuanzie kwingine. Mtandao wa nyumbani na intaneti ni vitu viwili. Ruta ikishawaka, kompyuta zilizounganishwa nayo hupeana mafaili, huchapisha kwenye printa moja na hutazama video zilizohifadhiwa kwenye kompyuta ya sebuleni, hata kama bando liliisha tangu juzi.

Chukua nyumba ambayo mama ana video ya harusi yenye GB 4 kwenye kompyuta ya sebuleni, na binti yake anaitaka kwenye laptopu iliyoko chumbani. Mama akiipandisha intaneti na binti akaishusha, GB 8 za bando zimekwenda ili faili livuke ukuta mmoja. Wakitumia flashi iliyozunguka mtaani, virusi navyo vinaweza kuhamia humo. Kwa waya wenye kasi ya Mbps 1,000 faili hilo huvuka kwa muda usiofika dakika moja. Kwa Mbps 100, kasi ya matundu ya ruta nyingi za bei nafuu, ni kama dakika sita. Bando haliguswi.

Vifaa si vingi. Ruta ya laini ya simu inatosha, mradi iwe na matundu ya waya mgongoni. Matundu yakipungua, ongeza swichi ndogo ya matundu matano au manane.

Kwenye waya ndiko fedha nyingi hupotea, kwa hiyo tukae hapo kidogo. Nunua Cat5e au Cat6, na usivuke mita 100 kati ya kifaa na kifaa. Kabla ya kulipa, kwangua uzi mmoja kwa kisu. Ukiona rangi ya fedha chini ya wekundu, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba: hukatika upesi ukiikunja na hupoteza nguvu ya mawimbi njiani. Shaba halisi ni nyekundu hadi ndani. Ukishamenya ganda, panga nyuzi nane kwa utaratibu huu, kutoka kushoto, klipu ya plagi ikiwa imeelekea chini: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, buluu, nyeupe-buluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Nyuzi hizo zimesokotwa jozi kwa jozi ili zisiingiliane mawimbi. Usifumue zaidi ya milimita 13. Zikate zilingane, zisukume mpaka vichwa vya shaba vionekane mbele ya plagi, ndipo ubane kwa koleo lake. Upande wa pili fuata utaratibu uleule.

Wi-Fi nayo ina masharti yake. Masafa ya GHz 5 yana kasi lakini huchoka mbele ya kuta; ya GHz 2.4 hupenya zaidi. Katika nyumba za Mji Mkongwe wa Zanzibar, zenye kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa, chumba cha pili tu kinaweza kukosa mawimbi. Huko pitisha waya hadi chumba cha mbali, kisha ufunge kituo kingine cha Wi-Fi. Popote ulipo, weka ruta katikati ya nyumba na juu, mbali na friji na kabati la chuma. Majirani wakiwa wengi, kwenye GHz 2.4 chagua chaneli ya 1, 6 au 11, kwa kuwa hizo tatu haziingiliani.

Kila kifaa hupewa anwani na ruta yenyewe, kwa kawaida inayoanza na 192.168. Anwani za aina hiyo zilitengwa rasmi kwa mitandao ya ndani, ndiyo maana nyumba zetu zote zinaweza kuzitumia bila kugongana. Printa peke yake ndiyo ningependa uihifadhie anwani isiyobadilika kwenye ruta, la sivyo siku moja kompyuta zitaitafuta zisiione.

Usalama haungoji kesho. Badilisha nenosiri la kiwandani la ruta siku hiyohiyo, chagua ulinzi wa WPA2 au WPA3, zima WPS, ile njia ya mkato ya kuunganisha kifaa bila kuandika nenosiri. Mgeni akiomba Wi-Fi ni vigumu kumnyima, na hakuna haja: fungua mtandao wa wageni, ambao ruta nyingi zinao, naye apate intaneti bila kufikia mafaili yenu.

Umeme ukikatika laptopu hubaki na betri yake, ila ruta huzima na mtandao wote nayo. Zipo betri ndogo za akiba kwa ajili ya ruta. Soma kibandiko kwanza: nyingi hutaka volti 12, lakini si zote, na volti zikizidi zinaiunguza.

Sasa twende mezani. Kila kikundi kina ruta moja isiyo na laini ya simu, laptopu mbili, mita tano za waya na plagi nne. Baneni waya, unganisheni, wekeni folda moja ya pamoja, kisha mhamishe faili kutoka laptopu moja hadi nyingine. Likigoma, angalieni kwanza taa ya tundu kwenye ruta: isipowaka, rudini kwenye plagi.