Mipango ya Maafa Isimsahau Mwanamke



Katika nchi ya mlima kama Rombo, mvua ni baraka na ni tishio kwa wakati mmoja. Mvua inayonenepesha mkungu wa ndizi kihambani ndiyo hiyo hiyo inayolowesha udongo wa mteremko mpaka ukashindwa kujishikilia. Na mvua hiyo ikikataa kunyesha, mashamba ya tambarare yanayoelekea mpaka wa Kenya hukauka, mahindi hukunjamana, na ndoo moja ya maji huwa na bei yake. Mkuu, makao makuu ya wilaya, imekaa kati ya hatari hizo mbili: juu yake ni mlima, chini yake ni ukame.

Hatari hizo si hadithi. Mwezi Novemba 2009, maporomoko ya ardhi yalifukia nyumba katika kijiji cha Goha, wilaya ya Same, na kuua watu zaidi ya 20. Mvua za masika za Aprili 2024 ziliua watu katika wilaya ya Moshi, baadhi yao wakifukiwa na udongo. Na tarehe 3 Desemba 2023, matope, mawe na magogo yaliporomoka kutoka Mlima Hanang na kuikumba Katesh na vijiji vya jirani. Watu 89 walipoteza maisha. Wakazi wa miteremko ya Kilimanjaro wanaposikia habari za namna hiyo hawana budi kujiuliza kama wako tayari.

Kila baada ya maafa ya aina hiyo, kazi ya kwanza baada ya kuokoa walio hai na kuzika waliokufa ni kuandika orodha. Ofisa huchukua daftari na kuandika majina ya wakuu wa kaya. Kwa orodha hiyo hugawiwa unga, maharage, mablanketi na mabati. Kwa orodha hiyo hiyo hupangwa viwanja vipya. Asiyeandikwa hapati. Kwa hiyo swali la mahitaji ya mwanamke wakati wa maafa si swali la huruma, bali ni swali la orodha: nani anaiandika, nani anaandikwa, na iliandikwa lini.

Hali ya Rombo inajulikana. Kwa miaka mingi wanaume wa huku wamekwenda Moshi, Arusha, Dar es Salaam, Nairobi na Mombasa kutafuta kazi na biashara. Nyumbani hubaki mwanamke. Yeye ndiye anayepalilia migomba, anayeteremka tambarare kukata majani ya ng'ombe na kuyapandisha kwa kichwa, anayemtunza mkwe mzee na kuwapeleka watoto shuleni. Lakini katika daftari, mkuu wa kaya ni yule anayerudi wakati wa Krismasi. Udongo ukiporomoka mwezi Aprili, msaada hutolewa kwa jina la mtu aliye umbali wa kilomita mia kadhaa, na mwenye njaa huambiwa asubiri.

Wako pia wasioandikwa kabisa. Mjane anayeishi pembeni mwa kihamba cha shemeji yake huhesabiwa ndani ya kaya ya shemeji. Binti aliyerudi kwa wazazi na watoto watatu baada ya ndoa kuvunjika huhesabiwa kuwa mgeni. Bibi anayelea wajukuu yatima hupewa fungu la mtu mmoja. Hakuna aliyekusudia kuwadhulumu. Daftari ndilo lililowasahau, kwa kuwa liliundwa kwa kuhesabu nyumba bila kuhesabu watu.

Yapo mahitaji ambayo orodha ya kaya haiyaoni hata kidogo. Mwanamke mwenye mimba ya miezi minane haachi kuwa mjamzito kwa sababu barabara imekatika. Anahitaji mkunga, na njia ya kufikishwa hospitali. Mama anayenyonyesha anahitaji chakula cha ziada na mahali pa staha. Msichana aliyevunja ungo anahitaji taulo za kike na nguo za kubadili, mambo ambayo mpangaji mwanaume aghalabu huona haya kuyataja, kwa hiyo hayaingii katika bajeti. Na mwanamke aliyelazwa kambini pamoja na watu asiowafahamu anahitaji choo chenye taa na komeo. Usiku wa kambi ni mrefu, na uovu wa ubakaji haupungui wakati wa msiba. Mara nyingi huongezeka. Kituo cha kugawia chakula kikiwa mbali, na mgao ukifanyika magharibi, msaada wenyewe umekwisha kuwa hatari.

Hapo ndipo walimu wanapoingia. Maafa yakitokea, jengo la kwanza kugeuzwa kambi ni shule, kama ilivyokuwa Hanang. Ni vizuri basi kila shule ijue mapema, kabla ya siku hiyo, darasa lipi litalala akina mama na watoto, vyoo vipi vitakuwa vya wanawake, na nani atashika funguo. Wilaya ya Rombo ina jeraha lake katika jambo hili. Mwezi Juni 1994, moto uliteketeza bweni la Shule ya Sekondari Shauritanga na kuua wasichana wapatao 40. Moto ule haukuwa janga la asili, lakini uliacha swali ambalo kila mkuu wa shule anapaswa kulijibu kabla ya kulaza watu katika jengo lake: je, waliolala humu wanajua njia ya kutokea gizani?

Mwalimu ana kazi nyingine isiyoonekana. Ukame ni janga lisilo na kishindo. Haufukii nyumba, wala haupigi honi. Huanza kwa mwanamke kuamka saa tisa usiku badala ya saa kumi na moja ili awahi foleni ya maji. Kisha huamshwa binti yake. Kisha binti huchelewa kufika shuleni, na baadaye haji siku ya Jumatatu, wala Jumatano. Kabla ofisi yoyote haijatangaza upungufu wa chakula, daftari la mahudhurio ya wasichana limekwisha kuutangaza. Mwalimu anayelisoma daftari hilo kwa makini na kumweleza mtendaji wa kata anafanya kazi ya tahadhari ya maafa, hata kama hajapewa cheo hicho.

Wapo wanaosema kwamba maji ya mafuriko hayaulizi huyu ni mume au mke, na kwamba wakati wa dharura watu waokolewe kwanza, mengine yafuate. Wengine hukumbusha kwamba mgonjwa haulizwi uji. Hoja hizo zina sura ya busara, lakini hazilingani na yaliyotokea duniani. Mwezi Aprili 1991, kimbunga kilipiga pwani ya Bangladesh na kuua watu wapatao 140,000. Waliochunguza vifo hivyo waliona kwamba miongoni mwa wanawake wa umri wa miaka 20 hadi 44 walikufa 71 katika kila 1,000, ilhali miongoni mwa wanaume wa umri huo walikufa 15. Maji hayakuchagua. Habari za tahadhari ndizo zilizochagua, maana zilifika kwanza mahali wanapokutana wanaume. Mwanamke alibaki nyumbani kulinda watoto na mali akingoja ruhusa ya kuondoka, na baadhi ya majengo ya kujihifadhi hayakuwa na mahali ambapo angeweza kukaa kwa heshima yake.

Nchi ile ilijifunza. Majengo ya kujihifadhi yaliongezwa, baadhi yakitengewa vyumba na vyoo vya wanawake, na wanawake wakaingizwa katika vikosi vya watu wa kujitolea wanaopita nyumba kwa nyumba kutoa tahadhari. Hayo, pamoja na maendeleo ya utabiri wa hali ya hewa, yalisaidia kupunguza sana vifo katika vimbunga vilivyofuata. Mgonjwa haulizwi uji, ni kweli. Lakini ni lazima aulizwe kama anaweza kumeza.

Yafaa ikumbukwe kwamba mwanamke si mtu wa kuokolewa tu. Anayeteka maji kila siku ndiye wa kwanza kuona chemchemi imebadilika rangi. Anayepita mteremkoni na mzigo wa majani ndiye anayeona ufa mpya kwenye ardhi. Ndiye anayejua mzee gani hawezi kutembea na jirani gani amejifungua juzi. Methali ya wahenga husema usipoziba ufa utajenga ukuta. Basi ni ajabu kumwacha nje ya mkutano yule aliyeuona ufa. Mwalimu Nyerere, katika Azimio la Arusha la mwaka 1967, alikiri kwamba wanawake wa vijijini hufanya kazi kuliko mtu mwingine yeyote. Kukiri peke yake hakutoshi ikiwa kiti cha kamati hakitolewi.

Sheria haina kikwazo. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 imeweka kamati za maafa tangu ngazi ya taifa hadi kijiji. Sheria za serikali za mitaa zinataka wanawake wasipungue robo ya wajumbe wa halmashauri ya kijiji. Mpango wa kimataifa wa kupunguza maafa, uliopitishwa Sendai, Japani, mwaka 2015, unataka wanawake washiriki katika uongozi wa kazi hiyo. Kinachobaki ni utekelezaji: kwamba mjumbe mwanamke aitwe katika kikao kinachoamua kambi itakuwa wapi na nani ataandika orodha, wala asiishie kuitwa siku ya kupika chakula cha wageni.

Jambo la mwisho, na huenda ndilo zito kuliko yote, ni ardhi. Mabango ya misaada yakiisha kuondolewa, huja kazi ndefu ya kurejesha maisha. Kwa desturi ya Uchagani, kihamba hurithiwa na mwana wa kiume. Kihamba kikichukuliwa na maporomoko na serikali ikatoa kiwanja kingine mahali salama, kiwanja hicho kiandikwe kwa jina la nani? Mume akiwa amefariki katika maafa hayo hayo, mjane aliyepoteza nyumba usiku mmoja aweza kupoteza na ardhi kwa kalamu ya asubuhi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imekwisha kusema kwamba desturi inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki au kutumia ardhi ni batili. Ofisa anayegawa viwanja bila kukumbuka kifungu hicho anaongeza janga la pili juu ya la kwanza, na la pili ndilo linalodumu.

Vivyo hivyo kuhusu riziki. Mwanamke aliyepoteza ng'ombe mmoja wa maziwa, au genge la ndizi sokoni, amepoteza ada ya shule na dawa. Mara nyingi hana hati ya kuweka rehani, na fedha za kikundi chake cha kuweka na kukopa zimekwisha kwa wanachama wote siku moja. Katika mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, sehemu 4 ni za wanawake. Wanawake walioathirika na maafa wastahili kufikiriwa humo mapema.

Ndugu watumishi na ndugu walimu, hakuna lolote katika haya linalosubiri fedha kutoka nje. Kabla ya masika kuanza, mtendaji aweza kuandika orodha mpya ya watu wote, kila mtu mzima kwa jina lake, wakionyeshwa wajawazito, wajane, wazee na walemavu. Mganga wa zahanati aweza kusaidia kuwatambua wajawazito. Mwalimu aweza kupanga vyumba na vyoo vya shule, na kulisoma daftari la mahudhurio kwa jicho jipya. Kamati ya kijiji yaweza kuita wanawake na kuwauliza maji yanapita wapi.

Udongo wa mlima hautangoji kikao. Orodha inayoandikwa jua likiwaka ndiyo itakayosomwa siku ya mvua, na mwanamke ambaye jina lake halimo siku hiyo atakuwa amesahauliwa zamani, na watu walioketi mezani wakiwa na kalamu mkononi.