Mgeni Mwenye Tumbo Dogo

Maneno ya kamati ya afya mbele ya wanachama, Baraka

Wahisani wetu mtakaosoma maneno haya kwenye jarida, sehemu ya maneno haya inawahusu ninyi zaidi kuliko sisi tuliokaa hapa.

Tumeombwa kusema juu ya operesheni ya kupunguza tumbo, ile wanayofanyiwa watu wenye kilo nyingi mno. Tunaona wengine wameanza kucheka. Mtu atauliza: hapa Baraka nani anatafuta kukonda? Swali hilo ni la haki. Sisi tulipovuka ziwa mwaka 1996 kwenda Kigoma tulikonda bila munganga yeyote. Kambini tulihesabu vikombe vya unga na vya maharagi. Mwaka 2005 meli za HCR zilipoanza kutushusha hapa kwenye mchanga wa Baraka, hakuna aliyeshuka na kitambi. Kwa hiyo chekeni kwanza, halafu mtusikilize.

Mnakumbuka mambo ya mwaka jana. Dada yetu mmoja, tuliyekaa naye Nyarugusu miaka mingi, alikuwa kati ya wale waliochukuliwa Marekani. Alikuja kutusalimia. Mama aliyempokea alifanya kama mama yeyote wa hapa angefanya: alipika bugali wa muhogo, mikeke ya ziwa, sombe yenye mawese ya kutosha. Mgeni alikula matonge matatu, akanawa mikono. Basi maneno yakaanza. "Eh, dada, unaogopa chakula yetu? Huko Marekani walikufundisha kudharau? Kula!" Yeye, kwa heshima, akaongeza. Akaambiwa aongeze tena. Akaongeza. Usiku akaanza kutapika, na siku ya pili akatapika, na ya tatu hata maji hayakukaa.

Jioni ya siku ile ya tatu neno likawa limeshatembea mtaani: karuho. Hatuna haja ya kuwaeleza neno hilo linafanya nini hapa kwetu. Mtu akishatajwa kwamba ameweka sumu kwenye chakula, anaweza kufukuzwa, kuchomewa nyumba, hata kuuawa. Vijana walikuwa wameshasimama kwenye kiwanja cha yule mama, na sisi wa kamati tulipofika hatukuwa na la kusema, kwa sababu hatukujua. Ni mgonjwa mwenyewe aliyeomba ainuliwe, akaketi, akawaambia wazee: "Huyu mama hana kosa. Mimi nilikatwa tumbo. Niliona haya kusema." Hapo watu wakatawanyika.

Tangu siku hiyo tumeuliza wauguzi, tumeuliza wandugu walio ng'ambo ambao wamefanyiwa operesheni hiyo, na tumekusanya tuliyoyasikia. Tutawaambia kwa namna tuliyoelewa.

Operesheni zinazofanywa sana ni mbili. Katika ya kwanza wanakata karibu robo tatu ya tumbo, ile mifuko ya kuwekea chakula, na kuitoa kabisa. Kinachobaki ni kama mrija, umbo la ndizi. Katika ya pili wanatengeneza kifuko kidogo juu ya tumbo, chenye ukubwa wa yai, halafu wanakiunganisha na utumbo chini zaidi, chakula kiruke njia. Hiyo ya pili ilianza Marekani, kwenye chuo kikuu cha Iowa, mwaka 1966, na munganga aliyeianzisha aliitwa Edward Mason. Ajabu ya Mungu, mji uleule wa Iowa City leo umejaa Wacongo.

Hatufanyi utani na watu hawa. Mtu aliyeishi miaka 15 kwa kikombe cha unga, halafu akapelekwa mahali ambapo nyama ni rahisi kuliko mboga, kazi ni ya kusimama usiku kucha kiwandani na kula ni saa yoyote, mwili wake unaweza kuharibika kwa upande mwingine. Sukari inapanda, presha inapanda, magoti yanakataa. Wengi wamejaribu kujinyima, kilo zikashuka zikarudi. Operesheni si uvivu. Na haimalizi kazi, inaianzisha, kwa sababu baada yake mtu anafundishwa kula upya kama mtoto.

Siku za kwanza ni maji na supu nyepesi, kwa kunywa kidogo kidogo. Wiki mbili hivi ni vitu vya maji tu. Baadaye vitu vilivyopondwa, laini kama uji. Baadaye vyakula laini. Chakula cha kawaida kinaanza kurudi kama kwenye mwezi wa pili, na hata hapo "kawaida" si ya kwetu. Ni sahani ndogo ya mtoto, tena inaliwa kwa nusu saa, kila tonge limetafunwa mpaka liwe uji mdomoni.

Kama hamuelewi jambo hili, kumbukeni kituo cha watoto wenye utapiamlo. Wamama mnajua. Mtoto akiingia akiwa amevimba miguu, wauguzi hawampi bugali. Wanampa yale maziwa ya F-75, kidogo, kila baada ya saa tatu, mchana na usiku, na bibi yake anakasirika anasema wanamuua mtoto kwa njaa. Lakini bibi akimletea bugali kwa siri chini ya kitenge, ndipo mtoto anaharibika, kwa sababu mwili uliokaa na njaa muda mrefu haubebi mzigo mara moja. Sisi wenyewe tumeona. Kwa mgeni wetu sababu ni nyingine, lakini kosa letu ni lilelile, tunampima mtu kwa sahani.

Sasa, bugali wetu. Wandugu waliotuandikia wanasema hiki ndicho kilio chao kikubwa. Bugali wa muhogo unavutika, unashikamana, na sisi hatuutafuni, tunaumeza. Kwenye tumbo la ukubwa wa yai tonge lililomezwa linaziba. Mkate laini na wali pia vinawasumbua wengi. Yule dada alituambia kwamba tangu aondoke alikuwa akiota bugali na mikeke ya Baraka, si ya kwenye friji, na alipokaa mbele ya sahani alilia kidogo, akajifanya ni moshi. Kwa hiyo msidhani anayeacha matonge hayataki.

Kizuri ni kwamba ziwa letu linampa karibu kila anachohitaji. Mtu wa namna hii anaambiwa aanze na vya kujenga mwili: samaki, yai, maharagi. Gramu 60 hivi za protini kila siku, au zaidi. Ndagala waliopikwa laini, mikeke ya kuchemsha iliyotolewa miiba, maharagi yaliyopondwa, lengalenga iliyoiva vizuri. Mawese kidogo, si yale ya kuogelea. Bugali uje mwisho, tonge moja au mawili kwa ajili ya kumbukumbu, na asipoumaliza nyamazeni.

Tena asinywe maji pamoja na chakula. Anywe mbele, au angoje nusu saa baada ya kula. Na ile heshima yetu ya kumfungulia mgeni Fanta moto mchana, kwake inaweza kuwa adhabu. Hasa kwa aliyefanyiwa ile operesheni ya kuruka njia, kitu chenye sukari nyingi kinashuka haraka mno kwenye utumbo: moyo unakimbia, jasho linatoka, kichwa kinazunguka, anakimbilia choo. Chai yetu ya vijiko vinne vya sukari inaingia humo humo. Pombe nayo inapanda haraka kuliko zamani. Glasi moja ya lotoko, ambayo hata wenye tumbo zima tungewashauri waiache, kwake ni hatari.

Tunakuja kwenye mambo ambayo mtu anaweza kufa nayo, na hapa tunaomba wenye simu waache simu.

La kwanza ni kutapika. Akitapika siku moja kwa sababu alikula haraka, apumzike, anywe kidogo kidogo. Akiendelea siku mbili au tatu, asikae nyumbani, na asipelekwe kwanza kwa maombi. Mwili unaisha vitamini moja inayoitwa B1. Miguu inakufa ganzi, macho yanaona vitu viwili viwili, mtu anaanza kuchanganyikiwa. Hapa kwetu tutasema amerogwa. Afike hospitali na mwenye kumsindikiza aseme wazi: "Alikatwa tumbo, ametapika siku kadhaa." Waganga wapate kumpa hiyo B1 mbele ya kumwekea serumu ya glukozi, kwa sababu glukozi peke yake inaweza kumzidishia shida. Sisi si waganga, hatumfundishi mtu kazi. Ila muuguzi wa zamu ya usiku hawezi kujua historia ambayo hakuambiwa.

La pili ni maumivu makali ya tumbo, hata kama operesheni ni ya miaka mingi. Utumbo unaweza kujinyonga ndani. Hilo si la kungojea asubuhi, wala si la kununulia dawa ya minyoo.

La tatu ni vidonge vya duka. Mgeni akisema mgongo unamuuma kwa barabara ya Uvira, nasi tunajua barabara hiyo, tunakimbia kumnunulia diklofenaki au ibuprofeni. Msimpe. Zinaweza kumtoboa kidonda mahali alipounganishwa. Parasetamoli inatosha.

Na la nne, tunalisema kwa heshima ya wachungaji na mashehe walio hapa. Kufunga kavu siku tatu bila maji si kwa mtu huyu bila munganga wake kukubali. Tumbo lake haliwezi kunywa lita moja kwa mara moja ili kulipa deni la siku nzima. Mchungaji mmoja alituuliza kama hiyo siyo kukosa imani. Tulimjibu kwamba hata mwenye kunyonyesha tunamsamehe.

Kuna pia maneno. Mtu huyu amekonda haraka, ngozi imelegea, nywele zimepunguka mwezi wa nne au wa tano kisha zitarudi. Nasi mara moja tunanong'ona: ana ukimwi, ana kifua kikuu, mume amemtesa. Wengine wanamwambia usoni, "Wee, ulikuwa na mwili muzuri, sasa umekuwa mukondefu hivi?" Kwetu mwili mnene ni habari njema iliyofika kutoka ng'ambo, tunajua. Ila mtu aliyevuka bahari akiwa na haya tayari, maneno hayo yanamfanya afiche, na kuficha ndiko kulikoleta vijana kwenye kiwanja cha watu.

Wahisani, sasa ni zamu yenu. Mmoja wenu alituuliza kama mfuko wa chama utalipia operesheni za namna hii. Hapana. Mfuko unalipa bili za hospitali za wanachama wa hapa na ubao wa maziko, na mwezi uliopita hata huo ubao tulikopa. Hatuombi fedha kwa jambo hili. Tunaomba kila anayekuja kutembelea, kama alifanyiwa operesheni, aje na karatasi ya munganga wake kwa Kifaransa: ni operesheni gani, mwaka gani, dawa gani asipewe. Aje na vitamini zake za safari nzima na za ziada, maana anazihitaji kila siku maisha yake yote na hapa dukani hatumwahidi chochote. Na amwambie mtu mmoja tu, mwenyeji wake au mmoja wetu wa kamati, kabla ya kupanda ndege. Siri itakaa. Mwenyeji hana haja ya kuwaeleza majirani. Atamtengea sahani yake ndogo pembeni badala ya kumweka kwenye sahani moja ya watu sita wenye mikono ya haraka, na atamwacha akae na wenzake mpaka mwisho wa mazungumzo. Kwenye matanga na harusi atakaa karibu naye, na sahani ikija mara ya pili ataipokea yeye.

Yule mama mwenyeji tulimwomba aje leo mbele, akakataa, alisema maneno ya mwaka jana bado yanamuuma na kuna jirani ambaye mpaka leo hali kwake. Jambo hilo na jirani tunalifuata bado. Dada yetu ameandika kwamba atarudi mwezi wa saba, na ameomba afikie nyumba ileile. Mama amekubali. Wiki iliyopita alitutuma tumuulize dada mambo mawili: kama anaweza kula mikeke ya kukaanga au ni ya kuchemsha tu, na kama sombe akiitwanga mara mbili itapita. Jibu la mikeke limefika, ni ya kuchemsha. La sombe tunalingoja.