Kibao kinalipa, kama tunahesabu

Wandugu wa Katuba na Kamalondo, sisi wenye kuchora vibao vya maduka hapa Lubumbashi, tuhesabu pamoja. Tuseme kibao ni dola 30. Bati na mbao 14, rangi 6. Zinabaki 10 kwa siku 2 za kazi. Halafu anafika mtu wa kodi, hana hata karatasi, anabeba 5. Basi siku moja tumetumika bure!

Tufanye hivi: tuandike kila gharama, tuombe nusu ya makuta mbele ya kuanza, tununue rangi kwa pamoja.

Na kodi? Kifungu cha 174 cha Katiba kinasema kodi inawekwa na sheria tu. Yenye kuwa katika sheria tutalipa. Bila risiti, hapana. Na mwenzetu akisumbuliwa, tusimame naye wote.