Chanjo Zetu Zatoka Wapi?

(Hotuba iliyotolewa na mmoja wa wanafunzi wa zamani, mfamasia mstaafu, katika Mkutano wa Mwaka wa Chama chetu.)

Katibu wetu aliponiandikia alinitaka niseme juu ya maendeleo ya utabibu. Nilimjibu kwamba jambo hilo ni pana mno, na wasemaji wa mambo mapana huwalaza watu. Basi leo nitasema juu ya kichupa kimoja kidogo cha chanjo, na safari yake mpaka kumfikia mtu wa hapa kwetu Kenya.

Wengi wenu mnaukumbuka usiku wa kuamkia tarehe 3 Machi 2021. Ndege ilitua Nairobi ikiwa na dozi 1,020,000 za chanjo ya korona ya AstraZeneca. Zilikuwa zimetengenezwa na Serum Institute, kiwanda kilichoko Pune, India, nazo zililetwa kwa mpango wa COVAX, ulioundwa mwaka 2020 ili nchi zisizo na fedha nyingi zisiachwe nyuma. Zilipelekwa katika ghala kuu la chanjo Kitengela, na tarehe 5 Machi Daktari Patrick Amoth, aliyekuwa Kaimu Mkurugenzi Mkuu wa Afya, akawa wa kwanza kudungwa sindano katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta. Palikuwa na shangwe, na ilistahili kuwapo. Lakini Uingereza ilikuwa imeanza kuwachanja watu wake tangu tarehe 8 Disemba 2020. Tulitanguliwa kwa karibu miezi 3.

Kwa nini? Vijana wengi hujibu kwamba wenzetu wana akili ya sayansi kutuzidi. La hasha. Wao walilipa mapema. Mwaka 2020, kabla hakuna mtu aliyejua ni chanjo ipi itakayofaa, serikali tajiri ziliweka sahihi mikataba na viwanda kadhaa kwa pamoja, zikijua kwamba baadhi ya fedha hiyo huenda ikapotea bure. Kiwanda cha chanjo si kinu cha unga, uende na debe lako la mahindi asubuhi urudi nalo jioni. Huchukua miezi mingi kuanzia mbegu ya dawa mpaka kichupa kilichofungwa, na sehemu kubwa ya muda huo ni ya kupima na kupima tena. Kwa hiyo anayeagiza leo hupewa kitakachotengenezwa baadaye, na vya sasa vina wenyewe.

Katika fungu la kwanza la COVAX, Kenya ilikuwa imetengewa dozi 3,560,000. Ile milioni moja ilikuwa mwanzo tu. Mwishoni mwa Machi maradhi yakapanda kwa kishindo huko India, na serikali ya India ikasimamisha chanjo kutoka nje ya nchi. Watu waliokwisha kupata sindano ya kwanza hapa kwetu walikuwa wameambiwa warudi baada ya wiki 8. Wakaambiwa tena wangoje mpaka wiki 12. Haikuwa hadi Novemba mwaka ule ndipo kiwanda kile kilipoanza tena kuipelekea COVAX.

Nimewasikia watu wakiilaumu India kwa ukali. Mimi siwezi. Wakati ule watu walikuwa wakifa nje ya hospitali za Delhi kwa kukosa hewa ya oksijeni. Kiwanda kile kingalikuwa Athi River, na watu wetu wakawa katika hali hiyo, je, nani kati yetu angalipiga kura ya kuziachilia dozi zipande ndege kwenda nchi nyingine? Kosa, kwa maoni yangu, lilikuwa katika mpango wenyewe: kuwategemeza watu wa nchi nyingi juu ya kiwanda kimoja katika nchi moja.

Baada ya hapo tuliishi kwa zawadi. Denmark ilituletea dozi 358,700. Uingereza ikatoa 817,000. Mwezi Agosti Marekani ikatuma 880,460 za Moderna, na baadaye zile za Pfizer. Sitaki kuonekana mtu asiye na shukrani. Kila dozi ilimfaa mtu. Lakini mtunza ghala anazitazama zawadi kwa jicho lake mwenyewe. AstraZeneca ilikaa katika friji ya kawaida, baina ya nyuzi 2 na 8. Moderna husafiri katika nyuzi 20 chini ya sifuri. Pfizer ilitaka nyuzi kama 70 chini ya sifuri, baridi ambayo friji ya zahanati haiwezi hata kuiota. Na kila aina ilikuwa na sindano yake ya pili, na hesabu yake ya majuma. Mara nyingi zawadi ilikuja kwa taarifa ya siku chache, muda wake wa kutumika ukiwa karibu kwisha.

Jambo hili halikuwa la Kenya peke yake. Tarehe 29 Novemba 2021 COVAX, pamoja na chombo cha Umoja wa Afrika cha kununua chanjo kiitwacho AVAT na kituo cha Umoja huo cha kuzuia magonjwa, walitoa tamko la pamoja. Waliomba kwamba chanjo za kutolewa zifike zikiwa zimebakiza wiki 10 angalau, na nchi ipewe habari wiki 4 kabla. Angalieni walichoomba: pamoja na wingi wa chanjo, waliomba muda. Mwaka 2022 ulipoanza, hapa kwetu dozi zaidi ya 800,000 za AstraZeneca ziliharibika kwa kupitwa na tarehe, na magazeti yakauliza kwa hasira ni nani aliyezembea. Sehemu ya jibu ilikuwa katika tarehe zilizoandikwa juu ya vichupa siku vilipotua, na sehemu nyingine katika watu walioacha kuja.

Sasa, msemaji yeyote wa siku hizi akifika hapa husema: dawa yake ni kujenga viwanda vyetu Afrika. Nakubaliana naye nusu. Afrika huagiza kutoka nje karibu chanjo zake zote, ingawa Institut Pasteur ya Dakar imetengeneza chanjo ya homa ya manjano kwa miongo mingi. Umoja wa Afrika umeweka nia ya kutengeneza asilimia 60 kufikia mwaka 2040, nasi tumeanzisha Kenya BioVax. Ila itazameni habari ya Aspen, kampuni ya Afrika Kusini iliyokuwa ikijaza na kufunga vichupa vya Johnson & Johnson. Mwaka 2021 sehemu ya kazi ya kiwanda hicho ilipelekwa Ulaya, wakati Afrika yenyewe ilikuwa na njaa ya chanjo, mpaka kelele zikapigwa na mpango ukabadilishwa. Machi 2022 wakapata ruhusa ya kuiuza chanjo hiyo kwa jina lao wenyewe katika Afrika. Miezi miwili baadaye walikuwa hawajapata mnunuzi hata mmoja. Kiwanda kilikuwepo, mafundi walikuwepo, mashine zilikuwepo, na hakuna serikali iliyoagiza.

Ndiyo maana nasema jambo kubwa ni mnunuzi anayeagiza mapema na kulipa kwa wakati, mwaka baada ya mwaka, hata pasipo na hofu. Na hapa naacha korona, kwa sababu hili linatuhusu leo zaidi.

Mtoto wa Kenya akizaliwa hupewa BCG ya kumkinga na kifua kikuu, na matone ya polio. Chanjo nyingi za watoto wetu hununuliwa kwa msaada wa Gavi, sisi tukichangia sehemu. Lakini hizi mbili za zamani hununuliwa kwa fedha yetu wenyewe, kupitia UNICEF. Dozi ya BCG ni senti chache za dola. Hata hivyo, katikati ya mwaka 2025 zikapungua nchini mpaka zikakosekana mahali pengi, na akina mama wakarudishwa nyumbani na vichanga vyao migongoni. Safari hii hapakuwa na tauni ya dunia wala nchi iliyofunga milango. Chanzo kikubwa kilikuwa fedha iliyochelewa. Na mwezi Juni mwaka huo huo Marekani ilitangaza kwamba haitaichangia Gavi tena, nasi tunatazamiwa kujilipia chanjo zote mwishoni mwa muongo huu.

Mwanafunzi mmoja aliniuliza asubuhi, uwanjani, kwa nini muuguzi asimchanje mtoto yule yule aliyekuja, awe mmoja au wawili. Ni swali zuri. Kichupa cha BCG huwa na dozi 20, na kikishafunguliwa hakina budi kumwagwa baada ya saa 6. Chanjo zikiwa haba muuguzi hungoja watoto wakusanyike, na mama aliyetembea kutoka mbali huambiwa arudi siku nyingine. Si wote wanaorudi.

Muuguzi mkuu wa zahanati iliyo chini ya kilima chetu amekubali kuwapokea wanafunzi wa Kidato cha Tatu, 10 kwa zamu, asubuhi za siku ya kliniki. Watalitazama friji, na daftari linaloandikwa joto lake mara 2 kwa siku, na leja ya dozi zilizoingia na zilizotoka. Mwalimu wa Biolojia anayo karatasi ya kujiandikisha. Kwa upande wetu wazee, Chama kimekubali kununua vibebea chanjo 2 vipya, kwani kimoja alichonionyesha muuguzi huyo kifuniko chake kimefungwa kwa kamba. Mweka hazina amekaa pale mlangoni, na ameniomba niseme kwamba anapokea pia kwa simu.